Maziwa Kabla ya Kamera

Kabla ya yote nawaomba mnivumilie kwa mwandiko. Nilisoma hadi darasa la nane, na tangu nitoke shule kalamu nimeishika mara chache, labda kuandika namba ya simu ya mtu kwenye kiganja. Herufi zangu zinalala upande mmoja, na tahajia yangu hata mimi siiamini. Naandika pole pole sana. Ukurasa mmoja unanimalizia jioni nzima. Atakayepiga chapa amesema atanyoosha makosa. Nimemwambia anyooshe maneno, lakini habari aiache ilivyo.

Nina miaka ishirini na miwili. Nakaa Isiolo mjini, chumba kimoja ndani ya ploti yenye vyumba tisa na choo kimoja. Kazi yangu iko mnadani. Siku ya soko, mnunuzi akishachagua mbuzi wake, mimi huwapaka alama yake mgongoni, wasije wakachanganyika na wa mwingine wakati wa kupakiwa kwenye lori. Nina kopo la rangi nyekundu, kopo la bluu, na kijiti kilichofungwa kitambaa. Kazi hii nilipewa kwa sababu siongei sana. Madalali wanapiga kelele na kuvutana mikono, mimi nainama tu na kupaka. Mbuzi hamuulizi mtu maswali.

Kwetu ni Korbesa, mbali, upande wa Merti. Mama yuko huko na mbuzi wake na ngamia wawili wa maziwa. Baba alishafariki. Ndugu yangu mkubwa anafuata ngamia wengine malishoni, na simu yake hupatikana siku akipanda mlima. Hapa mjini nina watu wa kusalimiana nao. Mtu wa kumwambia jambo sina.

Tumbo lilianza kuniuma wakati wa ukame. Nilidhani ni njaa, kisha nikadhani ni chai ya rangi, kisha mwenye duka la dawa akasema ni vidonda vya tumbo. Nilikunywa dawa zake, nikapata nafuu, nikaziacha, maumivu yakarudi. Nilianza kushiba baada ya matonge mawili ya ugali. Suruali ikawa inanitoka nikiinama kupaka rangi. Mwenzangu wa mnadani, Mturkana wa Ngaremara ambaye kazi yake ni kuhesabu mbuzi mlangoni mwa zizi, alikuwa akiniambia, "Wewe ukizidi hivyo nitakuhesabu na mbuzi, halafu uuzwe bei ya chini."

Nilicheka. Usiku huo nilitapika kitu cheusi kama majani ya chai yaliyochemka sana, na asubuhi nikaenda hospitali.

Kuna daktari wa matumbo anayekuja kliniki moja hapa mjini kutoka Nairobi, kila baada ya wiki mbili. Ni mzee kidogo, miwani yake iko kwenye ncha ya pua, na anaongea na tumbo lako kabla hajaongea na wewe. Alinipitishia mpira wenye kamera mdomoni mpaka kwenye mfuko wa chakula, akanyofoa vipande vidogo vya nyama, vikapelekwa kupimwa. Niliporudi kuchukua majibu aliniambia jina la ugonjwa. Limfoma. Alisema ni saratani inayotokana na chembe za damu zile zinazopigana na magonjwa, na kwamba hii yangu imekaa kwenye ukuta wa mfuko wa chakula. Alisema iko ya aina inayotembea pole pole.

"Kama wewe," sista akasema, akijaribu kunichekesha. Sista ndiye muuguzi wake wa hapa, mama mnene Mmeru mwenye sauti ya kanisa.

"Sasa nataka kujua jambo moja," daktari akasema. "Je, imebaki hapo, ama imeshuka kwenye utumbo mdogo? Mpira wangu unafika mwanzo wa utumbo tu. Baada ya hapo kuna mita nyingi sizioni. Kama imebaki kwenye mfuko, tunaweza kuanza na vidonge vya kuua mdudu anayeilisha, na tukangoja. Kama imeshuka, hiyo ni safari nyingine. Dawa za dripu, Nairobi, na si mara moja. Unaelewa?"

Nilitikisa kichwa kwamba naelewa.

"Una swali?"

Nilikuwa na maswali mengi. Nikasema sina.

Alinionyesha kidonge. Kilikuwa kikubwa kama punje nene ya maharagwe, na upande mmoja kilikuwa na kioo. Alisema ndani yake kuna kamera na taa. Nitakimeza, kitateremka chenyewe kikipiga picha utumbo mzima, na picha zitaingia kwenye kifaa nitakachovaa kiunoni. Kidonge kitatoka siku nitakapoenda chooni.

"Nikirudishe?" nikauliza. Hilo ndilo swali pekee nililopata.

Sista alicheka mpaka akashika meza. "Hapana, mwanangu. Hicho kikienda, kimeenda."

Babu yangu alikuwa anasoma utumbo wa mbuzi. Si kila mzee wa Kiborana anaweza. Mbuzi akichinjwa, babu alitandaza matumbo juu ya majani mabichi na kuyaangalia mshipa kwa mshipa, kisha akasema kama mvua iko karibu, au kama kuna ugonjwa uko njiani unakuja. Mashehe hawakupenda jambo hilo, lakini hata wao walisogea kidogo ili wasikie. Nilipotoka kliniki siku ile nilikuwa nikifikiria kwamba mbuzi husomwa akiwa amekufa na hajui kilichosemwa. Mimi nitasomwa nikiwa nimekaa kwenye kiti.

Maagizo yalikuwa rahisi. Siku moja kabla, mchana ukipita, nisile kitu. Ninywe maji na ile dawa ya kusafisha tumbo. Usiku ukiingia sana, hata maji niache. Asubuhi nije tumbo likiwa tupu kabisa. Sista alirudia mara tatu na kunifanya nirudie mimi pia. Nilirudia bila kukosea.

Mama sikumwambia jina la ugonjwa. Nilimwambia tumbo. Kwetu neno saratani likitajwa, watu wanaanza kukuongelea kama mtu aliyekwenda. Wanakuja kukuangalia, wanakaa kimya, wanaondoka na kusema alikuwa kijana mzuri. Sikutaka mama akae katikati ya watu hao. Kwa hiyo mama alijua tumbo, na dawa ya tumbo anayoijua yeye ni maziwa ya ngamia.

Asubuhi ile nilitoka mapema kwenda kliniki. Njia yangu inapita mahali wanawake wanaposhushia maziwa kutoka kwenye magari ya usiku. Mitungi ya njano ilikuwa imepangwa chini, na wanawake walikuwa wakionja maziwa kwa vifuniko, wakitema yaliyoharibika. Mtu akaniita kwa jina la baba yangu.

Alikuwa jirani yetu wa Korbesa, mama mzee tunayemwita akko, yaani bibi. Amekuwa akileta maziwa mjini tangu mimi sijazaliwa. Alikuwa amekaa juu ya gunia, macho mekundu kwa vumbi la barabara.

"Salaam aleikum, akko."

"Wa aleikum salaam. Nimekutafuta kwa macho mpaka yameuma. Kaa."

Kutoka chini ya shuka alitoa gorfa. Ni chombo cha kusuka kwa nyuzi, kirefu, chenye kifuniko, na ndani kinafukizwa moshi wa kuni ili maziwa yakae. Niliijua hiyo gorfa. Ina kiraka cha ngozi ubavuni ambacho mama alishona akiwa amenibeba mgongoni. Siku hizi watu hutuma maziwa kwa mitungi ya plastiki. Gorfa ya nyumbani haitolewi kwenda sokoni, hutumwa kwa mtu wa nyumbani tu.

"Amekamua mwenyewe," akko akasema. "Jana jioni, gari ikipiga honi. Alisema yote ni yako, nisimuuzie mtu. Na alisema nikuone ukinywa."

Hiyo ndiyo desturi. Maziwa yakitumwa kwa mtu, aliyeyabeba hawezi kuyaacha tu na kuondoka. Lazima amwone mwenyewe akinywa, ili akirudi aseme: amekunywa, nimemwona kwa macho yangu. Mama akisikia hivyo anajua mwanawe yuko hai na bado ni wake. Ukikataa, ni kama umemwambia aliyekamua kwamba mkono wake haufai.

"Akko, nitakunywa baadaye."

"Baadaye gari inarudi. Kunywa nikuone."

Nilijua maagizo. Sitaki kusema sikujua, ingawa nimejaribu kujiambia hivyo. Nilijiambia maziwa si chakula, kwamba kule kwetu mtu anaweza kusema hajala siku mbili na alikuwa anakunywa maziwa. Lakini masikio yangu yalikuwa na sauti ya sista: tupu kabisa. Wanawake wengine walikuwa wamegeuka kuniangalia. Sina ulimi wa kusema jambo refu mbele ya watu. Kusema "hapana" kungenilazimu kusema kwa nini, na kwa nini yangu ilikuwa ni neno lile.

Nikanywa. Yalikuwa yameanza kuchachuka kuwa susa, yana harufu ya moshi wa nyumbani. Nilikunywa mpaka akko akasema, "Haya, sasa nina la kumwambia." Aliweka mkono kichwani pangu akaniombea baraka kwa Kiborana. Nilijisikia vizuri kuliko nilivyojisikia kwa miezi mingi.

Kliniki, sista aliuliza, "Umekula kitu?"

"Hapana," nikasema.

Akanibandika vitu kama sarafu tumboni, kila kimoja na waya wake, akanivisha mkanda na kile kifaa chenye taa ndogo ya kijani. Nikameza kamera kwa maji kidogo. Iliteremka bila shida. Sista akanipa barua yenye mhuri, inayoeleza nilichovaa, akasema nitembee mjini, nisikae karibu na mitambo mikubwa, na saa kumi nirudi.

Nilitembea. Sikujua pa kwenda. Haikuwa siku ya soko, lakini miguu yangu ilinipeleka mnadani, na yule Mturkana wangu alikuwa pale anarekebisha mti wa zizi. Alinipiga tumboni kwa mchezo kama kawaida yake, mkono wake ukagonga kifaa.

"Hii ni nini? Umeficha redio?"

"Ya hospitali."

Akafunua shati langu kabla sijamzuia, akaona waya. Akaruka nyuma akicheka, mikono juu. "Wee! Bwana, usije ukatulipukia hapa! Tuambie mapema tukimbie na mbuzi!"

Alikuwa anatania. Najua alikuwa anatania, maana huyo ndiye aliyekuwa akiniletea uji siku nilizoshindwa kusimama. Lakini watu wawili waliokuwa wakipita wakageuka, wakaangalia tumbo langu, kisha uso wangu, kisha kofia yangu ya kuswalia, na wakaongeza mwendo. Nilishusha shati. Nikatoa barua yenye mhuri nimwonyeshe. Hakuisoma.

"Nimekutania tu, ndugu yangu. Ni nini kinakuuma kweli?"

"Tumbo."

"Tumbo gani linafungwa waya?"

Nikasema nachelewa, nikaondoka. Saa zote zilizobaki nilikaa nyuma ya ukuta wa msikiti, mahali pasipopita watu, nikiangalia ile taa ya kijani ikiwaka na kuzima chini ya kitambaa. Ndani yangu kulikuwa na taa nyingine inateremka gizani. Nilifikiri, hiyo kamera sasa inaona maziwa ya mama. Nilifikiri hivyo na nikaogopa.

Niliporudi, askari wa langoni alinipitishia kile chombo chao cha kupima chuma, kikalia. Foleni iliyokuwa nyuma yangu ikarudi hatua tatu. Askari akasema nisimame mbali na nitoe mikono mfukoni. Barua ilikuwa mfukoni. Nilitaka kusema hivyo, sauti haikutoka. Nilisimama na mikono hewani mpaka sista akaja mbio kutoka ndani akipiga kelele, "Huyo ni wangu! Huyo ni mgonjwa wangu! Mwacheni!"

Sijawahi kusikia mtu mjini akisema mimi ni wake.

Baada ya wiki mbili daktari alirudi na picha. Aligeuza kompyuta yake upande wangu ili nione. Nilitegemea kuona wekundu, kama utumbo wa mbuzi. Niliona ukungu. Ukungu mweupe, na mapovu, na mahali ukungu ulipopasuka kidogo palionekana ukuta wa waridi wenye vidoa vyeupe.

"Utumbo wako haukuwa safi," akasema. "Nusu ya njia sioni kitu. Na hapa nina shida." Akaweka kalamu kwenye vidoa. "Hivi vinaweza kuwa ule ugonjwa. Wakati mwingine unaonekana hivyo hivyo, punje nyeupe. Inaweza kuwa kitu kingine. Ulikula chochote asubuhi ile?"

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Sista alikuwa amesimama mlangoni na faili kifuani.

"Hapana," nikasema.

"Hata chai?"

"Hapana."

Alivua miwani akajifuta macho. "Basi itabidi niamini ninachoona. Nitakuandikia Nairobi. Kuna mpira mrefu zaidi unaoingia mpaka huko kwenye utumbo, unalazwa usingizi, wanachukua nyama. Ikithibitika, mtaanza dripu. Tafuta mtu wa kwenda na wewe. Una nani?"

"Ndugu," nikasema. Ndugu yangu alikuwa nyuma ya milima na ngamia.

Kwa siku tano sikuenda kazini. Nililala chumbani nikisikiliza majirani wakigombania zamu ya kufua. Nilikuwa nikijiuliza jambo moja tu: vile vidoa ni maziwa au ni ugonjwa? Kama ni maziwa, nitalazwa usingizi na kukatwa nyama bure, kwa sababu ya uongo. Na kama ni ugonjwa, labda kuna mwingine zaidi umejificha nyuma ya ukungu ule, na hakuna atakayeuona kwa sababu mimi nimeufunika. Pande zote mbili mwongo nilikuwa mimi. Duniani kote ni mimi na akko tuliojua, na akko hakujua anachojua.

Mara mbili nilifika langoni mwa kliniki. Mara mbili nilimwona sista kupitia dirishani, nikageuka. Nilijua nikifika mbele yake nitasema "habari" na kunyamaza.

Siku ya sita nilinunua karatasi. Nilikaa kitandani nikaandika, tangu adhuhuri mpaka magharibi. Nilianza na salamu, nikazifuta. Nikaandika habari za gari la Merti, nikafuta. Mwisho barua yote ilikuwa hivi, na nimeinakili hapa kama ilivyokuwa:

"Sista. Siku ya kamera nilikunywa maziwa. Mama alituma. Sikutaka akasirike. Nilidanganya mara tatu. Nisamehe na umwambie daktari."

Nilimkabidhi mkononi nikataka kukimbia. Alinishika mkono wa shati kwa vidole viwili, hivyo hivyo bila kuniangalia, akasoma barua kwanza.

"Maziwa," akasema.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Kiasi gani?"

Nilionyesha urefu wa gorfa kwa mikono.

"Mungu wangu! Hiyo yote? Mtoto, mimi nimekaa hapa nikifikiria ugonjwa umekumaliza, kumbe tulikuwa tunapiga picha za susa!" Alikuwa amekasirika kweli, lakini macho yake yalikuwa na maji. "Kwa nini hukusema?"

"Ungeniuliza kwa nini nilikunywa."

"Na ungeniambia nini?"

Akaniachilia shati. "Kaa hapo," akasema, akaingia ndani kumpigia daktari simu.

Daktari alisema ile safari ya Nairobi isimame kwanza, na kamera irudiwe. Alisema pia, na sista alinieleza kwa kuniigizia sauti yake, kwamba safari hii kijana akionja hata mate ya ngamia, yeye atamwacha.

Siku ya pili ya kamera nilipanga kupita njia nyingine. Sikupata nafasi. Akko alikuja mwenyewe mpaka kwenye ploti, kabla jua halijatoka vizuri, gorfa begani. Mama alikuwa amesikia kutoka kwa mtu kwamba nimekonda zaidi.

"Kunywa nikuone," akasema, akikaa kwenye ngazi ya mlango wangu.

"Akko, leo siwezi."

"Huwezi nini?"

"Kunywa."

Aliniangalia kama mtu asiyesikia vizuri. Majirani walikuwa wameanza kutoka na mabeseni yao.

"Nani amekukataza maziwa ya mama yako? Umeoa?"

"Daktari."

"Daktari alikunyonyesha?"

Mama mmoja wa jirani akacheka kwa nguvu.

"Nitakunywa jioni, akko. Yaache hapa, nitakunywa yote."

"Jioni mimi niko njiani. Nitamwambia nini? Nimwambie nimeyaacha mlangoni kama ya paka?" Akashusha sauti, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Kijana. Onja tu. Kidole kimoja. Niseme umeonja."

Sijawahi kutaka kitu kama nilivyotaka kuingiza kidole ndani ya gorfa ile. Nilifumba macho nikaona ule ukungu mweupe kwenye kompyuta. Nikasema, "Hapana, akko." Nilisema kwa sauti, watu wote wakasikia.

Alisimama. Maziwa hayamwagwi kwetu, kwa hiyo aliwaita watoto wa ploti waje na vikombe, akawagawia yote, mpaka tone la mwisho, pole pole, mbele yangu. Kisha akafunika gorfa na kuondoka. Hakuniwekea mkono kichwani.

Nilimeza kamera ya pili nikiwa tupu kabisa. Safari hii sikutembea mjini. Nilikaa kwenye benchi la kliniki kutwa nzima, na sista akipita alikuwa akisema, "Bado mtupu?" na mimi nasema, "Mtupu." Ilikuwa kweli kwa namna nyingi.

Daktari aliporudi aligeuza kompyuta tena. Ukuta wa waridi, safi, wenye vinyweleo vidogo kama zulia la msikitini. Akaenda mbele, akaenda mbele, mita zote zile alizokuwa hazioni.

"Hakuna kitu," akasema. "Kutoka mwanzo mpaka unapoungana na utumbo mkubwa. Haijashuka."

"Na vile vidoa?"

"Umeviona wewe? Mimi sivioni. Vilikuwa ni mama yako." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Sikiliza. Sijasema umepona. Iko kwenye mfuko wa chakula bado. Utakunywa vidonge hivi wiki mbili, bila kuruka, halafu baada ya miezi mitatu nitapitisha mpira tena nione kama inanywea. Lakini haijatembea. Umeelewa? Haijatembea."

Nilielewa. Nilitoka nje na vidonge kwenye bahasha ya kahawia. Jua lilikuwa kali, lori za ng'ombe zilikuwa zikipita kwenda kusini, na nilisimama kando ya barabara nikiwa na habari njema kuliko zote nilizowahi kupewa. Niliangalia kushoto na kulia. Watu wote waliokuwa wakipita hawakujua kwamba nilikuwa naogopa, kwa hiyo sikuwa na wa kumwambia kwamba nimeacha kuogopa.

Nilimpigia mama. Mtandao wa Korbesa siku hiyo ulikuwapo.

"Nimesikia," akasema, hata kabla ya salamu kuisha.

"Umesikia nini, mama?"

"Kwamba mjini umeshiba."

Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Limfoma, mfuko wa chakula, utumbo mdogo, haijashuka. Niliyapanga kama ninavyopanga herufi. Nikasema, "Mama, tumbo linapata nafuu."

"Alhamdulillahi," akasema. Akaniambia mbuzi mmoja amezaa mapacha na mmoja wao amekufa. Kisha sauti ikakatika, na nilipopiga tena haikupatikana.

Vidonge nimemaliza. Nangoja hiyo miezi mitatu. Nala mara nne kwa siku, kidogo kidogo, na nimerudi kupaka mbuzi rangi. Magari ya Merti yanafika kila wiki. Akko hunijibu salamu na kuendelea na mitungi yake. Gorfa haijaja tena. Nimejaribu kumwandikia mama barua ya kusomewa na mwalimu wa kule, lakini mwalimu akiisoma, Korbesa nzima imesoma.

Kwa hiyo nimewaandikia ninyi kwanza, ambao hamnijui. Kama kuna mmoja wenu aliyemeza kamera, au ana ugonjwa huu wangu, au ana mtu wake mwenye nao, naomba aniandikie. Mwandiko wowote nitausoma, hata ukiwa mbaya kama huu. Barua wapeni waliochapisha maandishi haya, watanifikishia. Msiniandikie habari za dawa, hizo daktari ananiambia. Nataka kujua ulimwambiaje mama yako. Ulianza na neno gani, na yeye alijibu nini. Niandikieni hilo tu.